Nauli ya Kurudi

Saa nne na dakika kumi asubuhi mama alipanda mashua kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa na miaka sabini na minne na aliogopa maji. Hata bomba la uani likifurika alikuwa akiita mtu. Ndiyo maana nilishangaa wiki hiyo aliponipigia simu nyumbani kwangu Ruiru, kutoka kwake mtaa wa Landless, akasema kwamba kabla dada yangu hajarudi ng'ambo tumpeleke kwenye maporomoko ya Athi, avushwe kwa mashua kama wageni wengine, na yeye mama awemo. Nilidhani ni upendo. Dada naye alidhani hivyo, akanunua kofia.

Dada ni mkubwa wangu kwa miaka sita. Huko alikohamia anauguza wazee. Hakuzaa, na safari hii alikuwa amekuja kwa jambo moja. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na skani ilikuwa imeonyesha msichana, wetu wa tatu. Kwetu majina hayachaguliwi. Msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama, wa tatu la dada ya baba. Mwenye wajina hafi akaisha. Asiyezaa hana njia nyingine ya kubaki duniani, na zamu ya dada ilikuwa imefika. Nilipomwambia kwa simu aliniomba nirudie.

Kitu kimoja nilikijua bila kukipa uzito. Dada, kwa kuwa ndiye binti wa kwanza, alipewa jina la nyanya mzaa baba. Nyanya huyo alimtesa mama miaka yote waliyoishi boma moja. Alimpimia unga kwa kikombe na kumwita mgeni mbele ya watoto wake. Tangu dada azaliwe, mama hakumwita "binti yangu". Alimwita "mama mkwe". Akina mama wengi wa kwetu huita hivyo kwa utani, na sisi tulicheka. "Mama mkwe ametoka shule, ficheni sukari."

Mke wangu alibaki ukingoni na wasichana wetu wawili. Mwenye mashua, mwanamume wa makamo aliyevaa gambuti, alitoza mia mbili kwa kila mtu, kwenda na kurudi, na dada akalipia sote watatu.

"Shosho, shika ubao, maji hayakujui," mwenye mashua alimwambia mama.

Mama akamjibu kwamba hata yeye hayajui, kwa hiyo wako sawa.

Mto ulikuwa wa kahawia, umebeba povu na chupa za plastiki kutoka jijini, lakini pale unapoanguka ulikuwa mweupe kabisa. Dada alipiga picha. Tulipofika katikati alitoa mkobani blanketi la mtoto, la zambarau, lililotariziwa jina lake kwa uzi mweupe. Alieleza kwamba alikuwa amelala nalo miezi miwili ili lishike harufu yake. Mama alilipokea. Alipapasa herufi kwa kidole, akalikunja mara nne, akajiinua kidogo, akalitandika kwenye ubao uliolowa na kulikalia.

Dada alicheka. "Mama, hilo ni la mtoto."

"Najua ni la nani," mama akasema. "Hilo jina halirudi kwangu. Mara ya kwanza nililikuta nilipoolewa. Mara ya pili nililizaa mwenyewe. Ya tatu sitaki. Litakwisha na wewe."

Nilisema nilikuwa nimeshaahidi. Mama hakunitazama. Kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya viazi, alisema kifaranga hapewi jina la kuku asiyetaga. Mwenye mashua aliuacha mti wake wa kusukumia ukiburuta majini.

"Nimekaa kwako wiki tatu," dada akasema. "Mbona hukuniambia nyumbani?"

"Nyumbani una mlango. Ukiambiwa neno unaingia chumbani unafunga. Kwa simu unakata. Hapa utakaa usikie."

Hapo ndipo nilipoielewa safari. Mama alikuwa ameupima woga wake wa maji, akaona anaweza kuulipia.

Dada alikaa akasikia. Mama alimtajia mume aliyemwacha, mazishi ya baba ambayo hakuyahudhuria, na miguu yake, ambayo alisema ni ya nyanya yule, mizima mizima. Hakuharakisha. Dada alikuwa ameweka mikono katikati ya magoti, kama wagonjwa wanavyokaa kwenye benchi.

Tulipogusa ng'ambo ya mto alimwambia mwenye mashua kwamba anashukia hapo. Yeye akamkumbusha kwamba amelipia kurudi na kwamba darajani ni mbali. Dada akasema atatafuta pikipiki. Niliinuka nimfuate, mama akanishika mkono wa shati, mashua ikayumba, na mwenye mashua akanikaripia niketi nisije nikamzamisha mzee. Ilipotulia, dada alikuwa ameshapanda mawe, kofia mkononi. Jioni alimtuma dereva wa teksi kuchukua sanduku lake Landless. Hatujaonana tena.

Mtoto alizaliwa. Mama alifika Ruiru na jina tayari, la mdogo wake mwenye watoto tisa, na mke wangu akasema hataanza kunyonyesha kwa ugomvi. Blanketi hilo hilo ndilo lililomfunika. Mama alikuwa ameufumua uzi kwa sindano, herufi baada ya herufi. Ukiliinua kwenye mwanga, matundu bado yanasomeka.

Siku ile ya mtoni, tuliporudi ukingoni, mama alishuka wa kwanza bila kushikwa. Alisimama akamnyooshea mwenye mashua kiganja, akamweleza kwamba alilipwa kurudisha watu watatu na amerudisha wawili. Mwenye mashua alinitazama, kisha akaingiza mkono mfukoni. Mama aliikunja noti ndani ya kitambaa chake, akakifunga fundo.

"Tumeokoa shilingi mia," akasema.