Mwenye kupunguza maji ya nyumba yetu

Leo nimejua kwa nini robinet yetu, bomba ya maji, haina nguvu. Ni mama yangu.

Nilitaka kumuwekea chauffe-eau, ile mashini ya kupasha maji moto, juu baridi ya Butembo inamuumiza magoti.

Fundi mwenye nilimwita akasema: « Mbele ya kununua, tuangalie kwanza pression, nguvu ya maji. »

Tukaweka ndoo chini ya robinet. Maji ikatoka polepole sana, donc fundi akatikisa kichwa.

« Na hii maji kidogo, chauffe-eau hapana kutumika. »

Tukafuata tiyo, bomba yenye inaleta maji, mpaka nyuma ya nyumba. Kumbe robinet ya kule iko wazi, na bamama benye balikimbia vita kule Beni banajaza maji mu mabidon yabo. Mama yangu amekaa katikati yabo, anabatekea.

« Mama, na chauffe-eau yako? »

« Mutoto wangu, miye niko na makala ya moto ya kuchemusha maji. Hawa hata sufuria hawana. »

Nyinyi mungejibu nini?

Miye nikamwambia fundi chauffe-eau ingoje, tuweke kwanza citerne, tanki ya maji, juu ya nyumba, maji ifike pande zote mbili.

Mama hakunishukuru. Alisema tu:

« Ikuwe kubwa. »