Kafi la Bishara

Pale kivukoni Masalani, kando ya mto Tana, ungeuliza ni nani mwenye mdomo mkali kuliko wote, hata mbuzi wangegeuza shingo kumtazama Bishara Warfa, muuza chai. Chai yake ilikuwa ya maziwa ya ngamia, tangawizi yake haikuwa na huruma, na utani ulitolewa bure. Lakini usidhani birika ndilo alilozaliwa akilitamani. Kila mara mashua ya kuvushia abiria ilipoondoka ukingoni, Bishara aliifuata kwa macho mpaka ng'ambo, na mkono wake ukawa unakoroga chai kana kwamba unapiga kafi.

Mashua ile ilikuwa ya marehemu baba yao, na sasa ilikuwa mikononi mwa kaka yake, Abdiwahab. Bishara alimwomba amwachie walau zamu ya asubuhi, na Abdiwahab akamjibu kila mara kwamba mwanamke na mashua ni kama ngamia na ngazi. Jibu hilo lilimchoma. Alikuwa mjane mwenye mabega mapana, na mto ule aliujua kuliko alivyoujua uso wa marehemu mumewe, ambaye alikuwa dereva wa lori la ng'ombe na nyumbani alipita tu kama mgeni.

Ndipo akatokea Mwalimu Risper. Huyu aliletwa na serikali kutoka Homa Bay kufundisha shule ya msingi, na hakunywa kikombe cha chai bila kukumbusha watu kwamba amezaliwa ziwani.

"Bishara," akasema siku hiyo, simu mkononi, "kule juu Sagana, mto huu wetu ukiwa bado mtoto, kuna mashindano. Watu wawili, mtumbwi mmoja, maji makali ya kwenye mawe. Mimi nimezaliwa ziwani, wewe una mabega. Tunangoja nini?"

Abdiwahab alikuwa anafunga mashua. Akacheka mpaka kikoi kikataka kumwanguka. Kisha akasema kwa Kiswahili, si kwa Kisomali, ili abiria wote wawe mashahidi:

"Wallahi, abaayo, dada yangu, ukimaliza hiyo mashindano bila kubinduka, kafi ni yako na mashua ni yako. Lakini ukibinduka, rudi kwa birika, na usiniulize tena mbaka kiama!"

Ulimi hauna mfupa. Angejua, angeuuma.

Mtumbwi waliupata stoo ya shule. Ulikuwa wa plastiki, rangi ya machungwa, uliachwa na waokoaji wakati wa mafuriko, na sasa ulikuwa unahifadhi maharagwe. Risper akakaa nyuma kuongoza, Bishara mbele kutoa mwendo, na kila mmoja akaamini kwamba nahodha ni yeye. Wakazunguka pale pale, mduara baada ya mduara.

"Mnatafuta nini hapo?" abiria mmoja akapaza sauti kutoka ukingoni. "Mmeangusha sindano?"

Walichokosa ni mwendo mmoja. Bishara akakumbuka nyimbo za kwao Sangailu, zile wanaume wanazoimba kisimani wakiwatekea ngamia maji, ndoo ikipanda kwa neno hili na kumwagwa kwa neno lile. Akaimba. Makafi yakaanguka pamoja, mtumbwi ukanyooka, na Risper akaushika wimbo upesi hivi kwamba aliuimba hata darasani, bila kujua kwamba anamsifu ngamia jike kwa uzuri wa matiti yake.

Tatizo ni kwamba ngamia nao waliusikia. Kundi la mzee Shurie, lililokuwa limekunywa likashiba na kuondoka, liligeuka nyuma kwa pamoja, likateremka hadi ukingoni na kusimama likingoja maji. Shurie akaja mbio, fimbo juu.

"Bishara! Ngamia yangu imekunywa, imerudi, imekunywa tena! Tumbo itabasuka!"

Hilo lilikuwa la kuchekesha. La mamba, waliojaa mto ule, halikuwa. Watu wa mto waliwafundisha kanuni moja tu: maji yanayopiga kelele hayana mwenyewe, bali yaliyonyamaza yana mwenyewe na yuko nyumbani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa Tana una meno. Kwa hiyo penye mkondo na mawimbi walikwenda taratibu, wakiimba na kufikiri. Penye maji tuli walipiga makafi kama wanaofukuzwa na mwenye deni. Na pua ya mtumbwi ikigusa mchanga, hakuna kukaa. Unaruka, unaukamata, unauburuta mpaka kwenye vichaka, ndipo unavuta pumzi. Waliyafanya hayo kila jioni baada ya shule, mpaka mikono ikawa haiulizi tena.

Siku ya mbio Abdiwahab naye alifunga safari ya Sagana. Alisema anakwenda kuwa shahidi, maana dada yake anajua kutia chumvi. Njia nzima hakuzungumza, na sambusa alizonunuliwa Thika alizirudisha zikiwa nzima. Bishara alidhani anajiandaa kumcheka.

Kule maji yalikuwa baridi na meupe, yakirukia miamba kwa ngurumo. Bishara alivaa suruali chini ya dera, mtandio umefungwa barabara, jaketi la kuelea juu yake na kofia ngumu juu ya yote. Kijana mmoja wa Nairobi, Brayo, mwenye kaptura fupi na miwani, akamtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Mathe, hapa si kisimani. Leo mtaoshwa!"

Bishara akaitazama ile kaptura, kisha akamjibu kwamba maji huyavulia nguo mtu anayetaka kuyaoga, na yeye hakuvua hata soksi.

Filimbi ikalia. Wenzao wakatoka kama risasi. Risper na Bishara wakatoka kama wanaokwenda kuchota maji. Ngurumo ilikuwa kubwa, na kwao ngurumo ilikuwa usalama. Wakaimba, wakauzunguka mwamba wa kwanza kwa adabu, wakaupisha wa pili. Wakampita Brayo akiwa amekumbatia jiwe, miwani imekwenda zake, mwenzake akiogelea kufuata mtumbwi wao uliogeuka tumbo juu. Bishara alitamani sana kusema neno, lakini kinywa kilikuwa na kazi ya wimbo. Mara mbili mtumbwi uliinama mpaka maji yakaingia, na mara zote mbili moyo wake uliiona mashua ya baba yake ikiondoka kivukoni bila yeye.

Kisha mawe yakaisha. Mbele yao mto ulipanuka ukawa bwawa refu, kimya, laini, na mwisho wake kamba ya kumalizia iliyofungwa maputo. Wale waliokuwa mbele walikuwa wamelegeza makafi, wanapumua, wengine wanapungia kamera.

"Yamenyamaza," Bishara akanong'ona.

"Nayaona," Risper akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Walikuwa wameambiwa asubuhi kwamba huko hakuna mamba. Akili zilikumbuka, mikono ikakataa. Walipiga makafi kwa hofu safi, bila wimbo, meno yameumana. Wakaupita mtumbwi mmoja, wakaupita mwingine, wakawapita watu waliokuwa bado wanapungia kamera. Wakaikata kamba wakiwa wa pili. Watu wakashangilia, lakini wao hawakusimama. Mtumbwi ukaparamia ukingo, wote wawili wakaruka, wakaukamata na kuuburuta kupanda juu, wakapita katikati ya wasimamizi, wakaangusha meza ya vikombe, wakielekea vichakani.

Njiani alisimama mtu mmoja aliyejifunika uso kwa kitambaa. Pua ya mtumbwi ikamgonga magotini, akaanguka, na mtumbwi ukageuka ukamfunika.

"Imebinduka!" sauti ya Abdiwahab ikatoka chini ya plastiki. "Mashahidi, imebinduka!"

"Aboowe, kaka yangu, hapa ni nchi kavu!"

"Wallahi sikusema maji! Nilisema kubinduka!"

Msimamizi mkuu, mama mmoja aliyeitwa Kathure, akaokota kikombe kutoka kwenye matope akakipangusa.

"Mzee, wewe umeona nini hata, na tangu filimbi ilie umejifunika uso? Nimekuwa nikikutazama. Nilidhani unaumwa na jino."

Bishara akauinua mtumbwi. Kaka yake alikuwa amekaa chini, kitambaa kimelowa, na macho mekundu. Naye akamwambia kwa lugha ya mama yao, polepole, maneno ambayo hakuwa ameyasema tangu msiba wa baba yao.

"Baba alipopinduka na mashua, mimi nilikuwa ukingoni namtazama. Nikatazama mpaka hapakuwa na cha kutazama. Tangu siku ile siwezi kumwona mtu wa kwetu akiwa majini. Nilikupa birika kwa sababu birika linakaa nchi kavu."

Miaka yote hiyo Bishara aliamini kwamba anadharauliwa. Alitaka kumkasirikia, akaona hawezi, akaketi kwenye matope kando yake.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema vipi? Mimi ndiye mwenye mashua." Akapangusa pua. "Si mimi tena. Kafi ni lako, mashahidi wamesikia. Ila uimbe. Imba mpaka ufike, nisikie."

Siku hizi, ukifika Masalani asubuhi, anayekuvusha ni Bishara. Chai inauzwa na Abdiwahab, na ni chai mbaya. Mashua ikiondoka yeye huupa mto mgongo, mwiko hewani, hamimini wala hakorogi, mpaka wimbo ukome ng'ambo. Maziwa huchemka yakamwagika, wateja wakalalamika, na yeye husema subiri.

Na ngamia huteremka. Juzi Shurie alikuja kuomba kwamba Bishara avuke kimya walau siku ya Ijumaa, maana mifugo yake haina raha. Wimbo ulikuwa bado katikati ya mto. Abdiwahab hakugeuka.

"Hamisha ngamia," akasema.