Viti Nje, Mikeka Ndani

Jumamosi mke wangu alirudi kutoka soko la Owino na mikeka mitatu ya ukindu yenye mistari ya zambarau. Alikuwa amelichoka zulia letu la nailoni. Ili tuitandike vizuri, tulitoa makochi yote tukayapanga mbele ya nyumba.

Tulisahau kwamba hapa Kampala viti vikitoka na mikeka ikiingia, watu hujua kuna msiba. Jirani yetu hapa mtaani Kisugu, mjane wa askari kutoka kaskazini, aliingia mbio, mikono kichwani. Alipoiona mikeka, alijitupa chini akalia.

"Baba, nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Tunapamba nyumba."

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimerukwa na akili kwa uchungu. "Kupamba gani ya kutoa viti nje?"

Kabla sijajibu, wanawake wanne walikuwa mlangoni na mkungu wa matoke, kuni na sufuria kubwa. Mke wangu alitamani ardhi immeze. Lakini matoke yalipikwa, tukala wote pale chini, na hakuna aliyeulizia makochi.

Watu husema mjini hakuna majirani. Nadhani hawajawahi kutandika mkeka.

Wageni walipoinuka kuondoka, mke wangu aliuliza kwa unyonge kama sebule imependeza. Mjane aliupapasa mkeka.

"Iko mzuri sana," akasema. "Lakini siku ingine mukianza kupamba, mucheke kwanza, sisi tusikie."