Mgonjwa wa Dada Yangu

Dada yangu aliporudi kutoka ng'ambo na shahada ya udaktari, mama alichinja mbuzi, na tangu siku hiyo watu wa kwetu, huku nyuma ya ufuo wa Bofa, wakaanza kumwita mama yetu Mama Daktari. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane na nilikuwa nyumbani nashona makuti ya kuezekea. Nilipopita njiani niliitwa ndugu yake daktari. Sikuwa na jina kubwa zaidi ya hilo, na lilinitosha.

Watu hawakujua, na mama hakujua, kwamba dada hakuwa na ruhusa ya kumtibu hata kuku. Aliyesomea udaktari nje akirudi hapa hufanya kwanza mtihani wa baraza la madaktari Nairobi. Akifaulu hupelekwa hospitali kufanya kazi mwaka mzima chini ya madaktari wengine, na baada ya hapo ndipo hupewa leseni. Mtihani wenyewe una sehemu ya kuandika na sehemu ya kukaa na wagonjwa. Wagonjwa hao si wagonjwa wa kweli. Ni watu waliofundishwa kuigiza, na mtahini anakaa pembeni anasikiliza. Dada alifaulu kuandika, lakini kwa wagonjwa akaanguka. Alimwambia mama kwamba anangoja kupangiwa hospitali, na mama akawaambia wengine hivyo hivyo.

Mimi niliambiwa ukweli kwa sababu dada alihitaji mtu. Alinifuata nyuma ya nyumba, akakaa juu ya lundo la makuti, akasema anataka niwe mgonjwa wake. Kule alikosomea, alinieleza, wagonjwa walizungumza lugha aliyojifunza ukubwani, kwa hiyo alizoea kuuliza maneno machache na kwenda zake. Mtihani ukimjia tena akiuliza vile, ataanguka tena, na akianguka tena hakujua atamwambia mama nini.

"Nauliza kama askari wa kituoni," alisema. "Nataka mtu ambaye hasemi ovyo. Wewe ukitoa neno, nitajua nimelifanyia kazi."

Tulifanya asubuhi, mama akiwa sokoni na mboga zake. Dada aliandika ugonjwa kwenye karatasi, na jinsi ninavyopaswa kujibu, kisha akanipa mgongo ili nisome bila kutazamwa. Mimi husoma polepole, midomo ikicheza. Hakuniharakisha hata siku moja. Nikimaliza alitoka nje, akabisha hodi kwenye chumba chake mwenyewe, akaingia kama daktari.

Nilikuwa mgonjwa mbaya. Aliponiuliza tumbo linauma wapi nilisema sijui. Aliponiambia nivue shati ili asikilize kifua, niliona haya, nikavishika vifungo.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuogesha," alisema.

"Ndiyo sababu," nikamjibu.

Alicheka hadi akalazimika kutoka na kubisha hodi upya. Siku zikaenda. Nikaugua pumu, malaria na kisukari, na kidogo kidogo nikazoea, naye akazoea kungoja. Nilipokaa kimya, badala ya kuuliza swali la pili juu ya la kwanza, alikaa na kimya changu mpaka nikajibu.

Kisha ikafika siku ya kisonono. Nilisoma karatasi nikairudisha, nikamwambia hii sifanyi. Akasema ugonjwa wa aibu ndio unaopendwa kwenye mtihani, kwa sababu daktari mwenye haya humtia haya mgonjwa, na wote wawili wakatoka pale bila dawa. Nikaichukua tena. Siku hiyo mvua ilinyesha sokoni na mama alirudi mapema. Hatukumsikia. Alikuwa jikoni, na jiko letu liko nje, chini ya dirisha la dada.

Dada aliuliza usaha ulianza lini. Nikasema tangu Jumapili. Akauliza kama kuna mtu nimelala naye. Karatasi ilisema nisijibu mpaka niulizwe mara ya pili, kwa upole. Akauliza mara ya pili, kwa upole. Nikatazama sakafu, nikasema ni msichana wa mjini.

"Nyumbani wanajua?"

"Hapana. Mama akijua atakufa."

Hilo la mwisho halikuwa kwenye karatasi. Nilitia mwenyewe, na dada aliitikia kwa kichwa kwa furaha, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesema zaidi ya nilivyoulizwa.

Mchana huo mama alinipa kichwa cha samaki, ambacho huwa chake. Kikombe changu akakitenga. Kesho yake niliona shuka zangu zimechemshwa kwenye sufuria ya maji ya moto, nikadhani ni kunguni.

Jumamosi wakaja wanawake wa maombi kutoka kanisani. Dada alikuwa ameenda Kilifi mjini kuchapisha maswali ya mitihani ya zamani. Waliniweka kwenye kigoda katikati ya sebule, wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani. Sikuelewa. Aliyeongoza alikuwa jirani yetu, mama aliyenifundisha nyimbo za Jumapili nikiwa mdogo. Alianza kwa shukrani, kisha akamweleza Mungu. Akamweleza usaha. Akamweleza msichana wa mjini. Akasema, kijana huyu, Bwana, anaogopa kwamba mama yake akijua atakufa, lakini mama yake amejua na yuko hapa hai.

Nilijua hapo hapo kilichotokea. Ningeweza kufungua macho na kusema: ni mtihani. Maneno mawili tu. Lakini nyuma ya maneno hayo yangekuja mengine: mtihani gani, wa nani, si alishamaliza? Na mama alikuwa amenishika bega huku analia.

Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kwa ajili ya dada. Nilinyamaza kwa sababu uso ulikuwa unaniwaka moto na ulimi haukuinuka. Yule jirani akainama sikioni mwangu akanong'ona, kwa sauti ambayo wote waliisikia, kwamba kama kuna msichana mwingine anayehitaji dawa nimtajie, hatamwambia mtu.

Dada akatokea mlangoni na karatasi zake kwapani. Aliona mikono kichwani kwangu, akasikia neno dawa, na niliona anavyoelewa. Tulitazamana. Niliwaza, sasa atasema.

"Nimeshampa dawa," alisema. "Anaendelea vizuri."

Wakasema Bwana asifiwe. Mama akafuta machozi na upindo wa leso, akaenda kuwachemshia chai, na kila aliyeaga alinipa mkono kwa ncha za vidole.

Baadaye dada alinifuata kwenye makuti. Sikuinua kichwa.

"Nivumilie," alisema. "Mpaka mtihani tu."

Niliendelea kushona. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alijua kabla ya kufungua mdomo kuwa mimi sitasema kitu. Siku ile yote nilikuwa nikiona aibu ya ugonjwa ambao sina, na jioni nikaanza kumwonea aibu yeye, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nizaliwe.

Lakini neno lake halikuishia sebuleni. Jumatatu asubuhi yule jirani alikuja tena, safari hii na binti yake, aliyekuwa akifanya kazi za usafi kwenye nyumba za wageni kule Bofa. Binti alikuwa amejifunika leso mbili ingawa jua lilikuwa kali. Jirani alimwomba dada ampe binti yake dawa ile ile aliyompa mdogo wake. Hospitalini hataki kwenda, alisema, kwa sababu dirishani pa kadi anakaa binamu yao, na binamu huyo akipata habari hata mbuzi wataijua.

Mama alikuwa uani na beseni la sukuma wiki. Mimi nilikuwa mlangoni, sina pa kukimbilia.

Dada aliniambia baadaye kwamba jina la dawa lilikuwa tayari mdomoni. Dawa hiyo aliijua, na duka la dawa haliko mbali. Lakini hakujua binti anaumwa nini, hakukuwa na kipimo, na mtu anayetibu bila leseni akijulikana anaweza kuikosa leseni hiyo maisha yake yote.  Kisha akavuta kigoda, akakaa, ili asiwatazame kutoka juu.

"Mama, mimi sina ruhusa ya kutibu," alimwambia jirani. "Nilifanya mtihani wa baraza nikaanguka."

Mama akaacha kuchambua mboga.

"Na huyu haumwi," dada akaendelea, akinionyesha. "Alikuwa akinisaidia kujifunza. Yale yote mliyomwombea Jumamosi niliyaandika mimi."

Jirani alinigeukia. Akaniuliza kwa nini basi sikusema. 

"Yaani mimi nimefunga tangu Jumamosi," alisema, "kwa ajili ya usaha wa karatasini."

Wa kwanza kucheka alikuwa binti, ndani ya leso zake. Mama hakucheka. Aliweka beseni chini, akaingia ndani, akafunga mlango.

Dada alimuuliza binti kama angependa aende hospitali na mama yake au na mtu mwingine. Swali dogo, lakini alilingojea jibu. Binti akasema na mtu mwingine. Wakaenda Kilifi wote wawili, kwenye hospitali nyingine asikokaa binamu, wakakaa kwenye benchi foleni nzima, na waliomfahamu dada walimsalimu kama daktari wakamuuliza kama leo yuko kazini. Aliwajibu kwamba amemsindikiza mwenzake tu. Binti alipimwa akapewa dawa, na hilo lilikuwa lake, sitaliandika zaidi.

 Kwa siku nyingi mama hakuitikia sokoni aliposikia Mama Daktari, mpaka watu wakadhani masikio yamemharibikia. Kisha asubuhi moja, kabla ya kwenda na mboga, aliingia chumbani kwa dada, akakaa kitandani akauliza karatasi yake iko wapi. Akawa mgonjwa wa shinikizo la damu. Alikuwa mgumu kuliko mimi. Akiulizwa kichwa kinauma lini, alisimulia uzazi wake wote.

Mara ya pili dada alifaulu. Sasa yuko hospitali moja ya bara akimaliza ule mwaka, na akimaliza atapewa leseni. Nilidhani hapo ndipo mwisho, lakini anasema leseni yenyewe huhuishwa kila mwaka, na kila mwaka lazima baraza lione kwamba bado unasoma. Nilimwambia basi atafute mgonjwa mwingine.

Wanawake wa maombi walijitahidi kulifuta jambo langu. Shida ni kwamba habari ya ugonjwa ilitoka Jumamosi, na habari ya mtihani ilitoka Jumatatu, na ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi. Juzi tulikuwa na matanga Vitengeni, kwa ndugu za baba. Shangazi yangu mkubwa alinivuta kando, nyuma ya masufuria, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile kitu ilipona.

Nikaanza kumweleza. Nilisema ilikuwa mtihani. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto akidanganya vibaya. Ningemweleza vizuri, ningelazimika kusema kwamba dada alianguka, na pale matangani watu wa ukoo walikuwa wakipokezana kuuliza habari za daktari wao.

"Ilipona, shangazi," nikasema.

Akanibana mkono, akasema Mungu ni mwema, na kwamba nitafutiwe mke mapema.