Shilingi Iliyokosea

Harusi yangu naikumbuka nusunusu, mjukuu wangu, lakini ile asubuhi ya ukungu niliyogombana na shilingi naikumbuka yote, mpaka harufu ya moshi. Sogea hapa karibu na moto. Njombe haina joto la kumgawia mtu anayekaa mlangoni.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa msichana wa kuolewa. Siku hiyo nyumbani kwetu Mjimwema yaliletwa majembe mawili. Naona umekunja uso, ngoja nikueleze. Kwetu Ubena, mtu akitaka mke hakutuma maneno matupu; alimtuma mshenga na jembe. Likipokelewa, uchumba umekubaliwa. Likirudishwa, ukoo mzima umetukanwa, na watakununia mpaka kwenye misiba. Basi mshenga wa kwanza alitoka kwa Yeremia, seremala wa ng'ambo ya mto, kijana mpole wa maneno machache. Kabla hatujamaliza kusalimiana kamwene, akaingia wa pili kutoka Makambako. Huyo alitumwa na Zakaria, mwenye baiskeli, koti la sufu, na kicheko cha kusikika kijiji cha pili.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kufunga vifungo vyote vya shati. Ukoo mmoja aliuheshimu, wa pili aliuogopa. Akabaki anakuna kichwa. Mimi hakuna aliyeniuliza. Na mimi, niliyempenda Yeremia tangu aliponichongea mpini bila kusema neno, nilinyamaza kimya. Haya ilikuwapo, sikatai, lakini nilikuwa pia na maarifa, na maarifa hayo ndiyo yaliyoniponza.

Mjomba Lutengano, kaka yake mama, ndiye aliyetoa shauri. "Turushe shilingi. Ikilala Mfalme juu, Yeremia. Ikilala simba, Zakaria."

"Kamari ndani ya nyumba yangu?" baba akashtuka.

"Kamari gani, shemeji? Hata mitume walipiga kura."

Mzee wa kanisa ukimtolea Biblia, hana pa kukimbilia.

Shilingi ya siku hizo ilikuwa na kichwa cha Mfalme wa Uingereza upande mmoja, na simba upande wa pili. Nilifurahi, kwa sababu kidole gumba cha mjomba nilikuwa nakijua kuliko yeye mwenyewe. Mjomba alikuwa mgema wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Kisu cha kugemea mianzi kilikuwa kimemkata mshipa, kidole kikawa kigumu, hakikunjiki. Kwa hiyo akirusha shilingi, haipinduki. Inapanda bapa, inayumbayumba kama mfuniko wa chungu kinachochemka, inashuka, anaidaka. Ukiitazama unaweza kuapa kwamba imepinduka, kumbe imeyumba tu. Upande uliokuwa juu kidoleni ndio utakaokuwa juu kiganjani. Tukiwekeana dau, nilikuwa nimemla viazi vitamu vingi kwa ujanja huo, naye alidhani nina bahati.

Nilikuwa nimejaribu na kwa mkono wangu, kule kisimani, kwa shilingi ya sadaka niliyotumwa kuipeleka kanisani. Mungu anisamehe. Ukiipiga ukingoni inapinduka. Ukiongeza nguvu inapinduka zaidi na kukaa hewani zaidi, mpaka macho yanashindwa kuifuata. Lakini pepo hamna mle ndani. Inafanya kile mkono ulichoiagiza. Ukiujua mkono, na ukijua itadakwa wapi, jibu unalo kabla haijashuka. Nilijiona profesa wa shilingi.

Basi nikajitia heshima kubwa. Nikaileta juu ya sahani, nimepiga magoti, Mfalme juu. Mjomba hakuwa mtu wa kugeuzageuza vitu. Akaichukua vilevile, akaiweka juu ya kidole kile kigumu. Mimi huku moyoni nikaanza kuchagua kitambaa cha gauni.

Hapo shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akichochea moto, akasema bila kugeuka, "Lutengano, usiidake."

"Kwa nini?"

"Sokoni Makambako nimeona mengi yanayofanyika viganjani. Iache ianguke chini, tuione sote."

Hesabu zangu zote zilikuwa za kiganja! Kiganja kinapokea tu, lakini sakafu inarudisha. Nilitaka kupinga, ila ningesema nini? Shilingi ikapanda, Mfalme juu, inayumba vilevile kama ninavyoijua. Ikashuka, ukingo ukagonga jiwe la jikoni. Weee! Ikaruka kama panzi, ikakimbilia chini ya kigoda cha mshenga, ikazunguka, ikazunguka, ikachoka, ikalala.

Simba.

"Shilingi imekosea!"

Ni mimi huyo. Nimepiga kelele mbele ya washenga wawili na mzee wa kanisa. Hata kuku waliokuwa pembeni walinyamaza.

Baba akageuka taratibu. "Imekosea? Kwani jibu lake ulilijua?"

"Ilitakiwa iwe Mfalme, baba."

"Ilitakiwa na nani?"

Shangazi akaacha moto wake, akaja kunisimamia. "Wee binti! Kila siku nakuona unakodolea kidole cha mjomba wako, nikadhani umechanganyikiwa. Leo nimeona ulivyoipanga shilingi kwenye sahani, ndipo nikaelewa. Umejifunza inavyopanda, umejifunza inavyoyumba, umejifunza inavyodakwa. Taabu yote hiyo, na mdomo unao! Haya, sema."

"Namtaka Yeremia," nikasema.

Nilitegemea paa litaanguka. Halikuanguka. Mshenga wa Zakaria alisimama, akaliokota jembe lake. "Sisubiri kurudishiwa," akasema, "nalichukua mwenyewe. Zakaria anapenda ubishi, na huyu anabishana hata na shilingi. Hao wakikaa nyumba moja, majirani watahama." Baba akashusha pumzi ndefu. Jembe halikurudishwa, basi hakuna aliyetukanwa. Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta.

Unadhani yameisha? Bado. Mshenga wa Yeremia aliona aibu kupeleka habari kwamba msichana amepiga kelele akitaka mume. Akamwambia tu, "Shilingi imekuangukia wewe." Baba naye akatukataza kulitaja jambo lile. Nikaolewa, na Yeremia, babu yako, akaishi akiamini kwamba mke alipewa na Mfalme wa Uingereza! Alitunza shilingi ya namna ile kwenye kikopo cha ugoro. Uhuru ulipokuja, fedha zikabadilishwa, yeye akagoma kuitoa. "Huyu mzee alinitendea wema," anasema, huku akiifuta kwa shati. Mimi nilimwonea wivu mfalme yule, mtu ambaye hata Njombe haijui, na bado nikanyamaza. Nilitaka mume wangu aone kwamba nilikuwa mtu wa kutafutwa.

Alipozeeka, akiwa mgonjwa kitandani, siku moja akaniomba nimletee kikopo chake. Hasira zikanipanda. "Yeremia," nikamwambia, "ilikuwa simba. Mfalme alikukataa. Ni mimi niliyekutaka, nikapiga kelele mpaka kuku wakanyamaza."

Mgonjwa akainuka kwenye mto. "Ulipiga kelele?"

"Nilipiga."

"Mbele ya baba yako?"

"Mbele ya baba, na washenga wote."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Akataka majirani waitwe, nikarudia yote mbele yao, na yeye, ambaye hakuwapo, ananisahihisha! Walipoondoka, akanishika mkono. "Mama," akasema polepole, "ungeniambia tukiwa vijana, ningetembea nimenyoosha shingo maisha yangu yote."

Neno hilo linaniuma mpaka leo, mwanangu.

Basi sikiliza. Kuchunguza mambo sikukatazi. Chunguza mpaka uchoke, shilingi haina uchawi. Lakini kabla hujajisifu kwamba unajua itakavyolala, uliza kwanza itaangukia wapi. Na lililo moyoni mwako usilitume kwa shilingi, wala kwa mshenga, wala kwa kidole cha mjomba. Liseme mwenyewe, ulimwambie yuleyule linayemhusu, angali na shingo ya kuinyoosha.

Kikopo hiki hapa, chukua. Mfalme bado yumo, nilishamsamehe. Mungu akupe mkono mtulivu na mdomo usiochelewa, na siku mtu akipiga kelele kwa ajili yako, akujalie uwe karibu usikie. Amina.