Koili Niliyopewa na Mtani

Nilipoamua kuacha sigara, mtu wa kwanza kunicheka alikuwa mtani wangu wa Korogwe, na mtu wa kwanza kunisaidia alikuwa yeye huyohuyo. Ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi, na kwenye kabati lake la kioo huuza pia sigara za umeme na vipuri vyake. Mimi ni fundi cherehani, Handeni. Kikohozi changu kilikuwa kimefikia mahali ambapo wateja waliniachia vitambaa mlangoni bila kuingia.

Mimi ni Mzigua. Yeye ni Mnyamwezi wa mkonge. Babu yake aliletwa Korogwe kukata mkonge na ukoo haukurudi tena Tabora. Kwetu hao ni watani, na utani si maneno tu. Mtani anaweza kuingia kwako akakubebea jogoo, na ukikasirika, mwenye aibu ni wewe. Siku tuliyomzika mama yangu, huyu bwana alijilaza ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka apewe kuku, akipiga kelele kwamba Wazigua ni wachoyo hata wakifiwa. Nilicheka huku nalia. Ndugu zangu wa damu walikuwapo wote na hakuna aliyeweza kunifanyia hivyo. Tangu siku ile nilimpenda kuliko baadhi yao.

Ndiye aliyeniuzia sigara ya umeme na kunifundisha kifaa chenyewe. Chini kuna betri, juu kuna kichwa, na ndani ya kichwa kuna koili, waya mdogo unaopata moto na kuchemsha yale maji yenye ladha mpaka yatoe mvuke. Kila koili ina ukinzani wake, nao hupimwa kwa omu.

"Sikiliza, wewe Mzigua wa porini," aliniambia. "Omu zikiwa chache, koili inavuta umeme mwingi. Betri yako hii nyembamba haiwezi. Usishuke chini ya moja na nusu, utaungua."

Alinieleza kwamba wapo wanaozipenda zile za omu chache kwa sababu zinatoa moshi mzito, lakini hao wana betri kubwa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Nililishika somo lile kama ninavyoshika vipimo vya suti ya bwana harusi. Sigara nikaacha, kifua kikapona, wateja wakarudi kukaa kwenye benchi langu.

Koili yangu ilipochakaa na kuanza kutoa ladha ya kuungua, nilipanda gari kwenda Korogwe kutafuta nyingine. Nilimwambia wazi kwamba nataka inayofaa betri ileile, na aipime nione, maana namba iliyoandikwa ubavuni mwa kichwa alichonitolea ilikuwa imefutika. Akachukua mita ya kupimia omu, akagusisha nyaya zake, kisha akaigeuza upande wake.

"Na mimi nione," nikasema.

"Mzigua na namba wapi na wapi? Moja nukta nane hii. Nenda zako, usinimalizie hewa."

"Hewa yenyewe ni yetu. Ninyi mlikuja hapa na mapanga tu."

Waliokuwa pale wakacheka, nami nikacheka, nikakitia kile kichwa mfukoni. Ningekuwa kwa fundi mwingine ningezunguka meza nikaisoma mita kwa macho yangu. Kwa mtani, kufanya hivyo ni kununa.

Mvuke wa kwanza ulikuwa mzito na wa moto kuliko nilivyozoea. Nikadhani ni upya wake. Kesho yake nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, kifaa kikiwa mfukoni, na nadhani kitufe kilijibonyeza kwenye mikunjo ya suruali. Nilisikia joto pajani, kisha betri ikafoka na suruali ikashika moto. Mke wangu alinimwagia ndoo nzima ya maji ya kufulia. Paja lilichunika vibaya, na kukanyaga cherehani kukawa mateso.

Betri iliharibika kabisa, lakini kichwa kilibaki kizima. Nikakipeleka kwa fundi wa redio hapa Handeni akapima, tena akaniwekea mita mbele yangu bila kuombwa. Nukta tano. Hata nusu ya omu haikuzidi.

Bado nilimtetea. Nilimwambia mke wangu kwamba huenda mita ya mtani ni mbovu.

"Mtu hafichi mita mbovu, baba watoto," akasema, akaendelea kunipaka dawa.

Nilikwenda Korogwe nikichechemea. Aliponiona tu akapaza sauti, "Jamani, njooni muone Mzigua kachomwa kama muhogo!" Watu wa stendi wakaangua kicheko. Sikumrudishia. Nilimpa mkono, nikasema, "Habari za kazi, bwana." Watani hawasalimiani hivyo. Salamu ya adabu kwa mtani ni sawa na kumfungia mlango, na uso wake ulibadilika palepale.

Nikamuuliza kama alijua kwamba ile koili ni nukta tano.

Akasema alijua. Ya moja nukta nane ilikuwa imebaki moja tu, naye alikuwa amemwekea dereva wa lori aliyeagiza kabla yangu. Hizi za nukta tano alipelekewa kimakosa kutoka Kariakoo, na hakuna mtu aliyezitaka.

"Ungeniambia huna, ningerudi nyumbani," nikasema. "Kwa nini dereva apewe iliyo salama, mimi nipewe hii?"

"Yule simjui," akajibu kwa sauti ya chini. "Angeungua, angerudi na polisi, au angenivunjia kibanda. Wewe ni mtani wangu. Nilijua hutakasirika."

Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayenisifu. Nilikasirika, na watu wa pale walisimama wakinitazama, wakisubiri nicheke.