Kahawa Iliyokatazwa Kuguswa

Niseme mapema kwamba mimi si mshamba. Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na miwili, Kagoma kwanza, halafu Nshamba mpaka nikastaafu, na maandishi ya ukutani nayasoma bila kusaidiwa. Kwa hiyo yule dada wa mapokezi kule kwenye maonyesho ya sanaa aliyeniambia taratibu, kama anayesema na mgonjwa, kwamba "labda mama hujaielewa sanaa ya kisasa", alinikosea sana. Niliielewa. Kilichonishinda ni kunyamaza.

Habari yenyewe ni ya kikapu. Mama yangu alikuwa fundi wa kusuka kaibo, vikapu vidogo ambavyo kwetu hutumika kumkaribishia mgeni kahawa ya kutafuna. Kahawa hii si ya kunywa. Inachumwa, inachemshwa na majani ya kunukia, inaanikwa ikauke na ganda lake, na mgeni akifika anasogezewa kabla hata hajaulizwa habari za safari. Anachukua punje mbili tatu, anatafuna, maongezi yanaanza. Akikataa, ameleta ugomvi. Na wewe mwenyeji ukiwa nayo ndani usiitoe, basi mgomvi ni wewe.

Kaibo moja mama aliisuka kwa ajili ya siku wakwe zangu walipokuja kujitambulisha. Tangu hapo, kila binti wa nyumba yetu akichumbiwa, ni hiyo hiyo inayozungushwa kwa wageni. Siku hizi mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili, vidole vimekakamaa, na hatasuka nyingine.

Mwezi wa pili alikuja binti mmoja msanii, baba yake ni wa huku ila amekulia Dar es Salaam. Alikuwa anapita vijijini akitafuta vitu vya wazee kwa ajili ya maonyesho Bukoba mjini. Akaiona kaibo juu ya kabati langu. Jamani, yule binti aliisifia! Aliigeuza huku na huku, akaipiga picha, akasema hajaona kazi kama ile mkoa mzima. Akaniomba nimwazime mwezi mmoja tu, watu waione. Mama wakati huo alikuwa Muleba kwa dada yangu, anahudhuria kliniki ya macho. Mimi nikavimba kichwa, nani asingevimba, nikaifunga kwenye kitenge nikampa. Nilijua itarudi kabla mama hajaiulizia.

Mwezi ukaisha. Nikapiga simu. "Mama, shikamoo, maonyesho yameongezwa muda." Wa pili ukaisha, simu nyingine, shikamoo nyingine, muda umeongezwa tena. Katikati ya hayo binti yangu wa mwisho akapata mchumba, na siku ya wakwe kuja ikapangwa, Jumamosi. Jumanne mama, aliyekuwa amesharudi kutoka Muleba, akiwa amekaa barazani akaniambia, "Kaibo yangu uiteremshe mapema. Ya mjukuu wangu nitaijaza kwa mikono yangu mwenyewe, sitapata nafasi nyingine." Nikaitika "Ee, mawe," ndivyo sisi Wahaya tunavyomwita mama. Alhamisi asubuhi nilikuwa ndani ya basi la kwenda Bukoba.

Maonyesho yalikuwa kwenye ghala la zamani la kahawa, karibu na ziwa. Wamelipaka chokaa nyeupe ndani mpaka unatamani kuvua viatu. Mlangoni amekaa mlinzi, mzee wa makamo mwenye koti kubwa. Tukasalimiana Kihaya vizuri, akanionyesha njia.

Sasa sikilizeni niliyoyaona. Chumba cha kwanza kuna mtumbwi kutoka kisiwa cha Goziba umekatwa katikati kwa msumeno, nusu huku, nusu kule, na watu wanapita katikati wameshika videvu. Nikauliza ulimkosea nini aliyeukata. Wakazidi kushika videvu. Kuna rundo la nyavu za dagaa, halafu kutoka ndani ya rundo inasikika injini ya boti. Kuna runinga kubwa, mwanamke anamenya ndizi. Anamenya tu. Nilikaa kwenye benchi nikamwangalia dakika kumi nzima nikitegemea atapika. Thubutu! Na anamenya vibaya, anaondoka na nyama yote, kwetu mwali wa namna hiyo angerudishwa kwao akafundishwe upya. Pembeni yangu kijana mwenye miwani alikuwa anaandika kwenye daftari. Nikamwambia, "Mwanangu, andika na hiyo kwamba kisu ni butu." Akaandika! Sijui aliandika nini.

Sichekei kazi ya mtu. Zile nyavu, kwa kweli, zilinigusa, maana nina mpwa aliyepotelea visiwani huko na ile sauti ya injini ilinikumbusha yeye. Lakini kila nilipotaka kusema neno, mtu alinitazama kama nimekohoa katikati ya sala. Nani aliwaambia watu kwamba kitu kizuri kinatazamwa kwa kununa? Nilichoka na ule ukimya hata kabla sijafika nilikokuwa naenda.

Chumba cha mwisho ndicho kilikuwa na kaibo. Peke yake. Imewekwa juu ya meza nyeupe ndefu iliyosimama kama mimbari, taa inaimulika kutoka juu, imezungushiwa kamba. Ndani yake kahawa, imejaa vizuri, imekauka vizuri, harufu naisikia kutoka mlangoni. Na wageni wasiopungua ishirini wamesimama kuizunguka, wazungu wawili wakiwemo, wanaitazama. Ukutani kuna kibao. Nikavaa miwani nikasoma. Kazi inaitwa "Ukarimu". Chini yake: kikapu, kahawa, nafasi. Chini zaidi jina la yule binti. Halafu kwa herufi kubwa: TAFADHALI USIGUSE.

Nilisoma mara mbili, kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto. Ukarimu. Usiguse.

Mawe! Damu ilinipanda. Jina la mama yangu halipo, hilo ningelimeza, maana hata mimi hapa silitaji, mwenyewe hapendi jina lake litembee. Lakini kahawa imewekwa mbele ya wageni ishirini, kwenye kikapu cha mama yangu, na hakuna hata mmoja aliyesogezewa! Wamesimama. Hata kukalishwa hawajakalishwa. Kama mama angekuwa anaona, angeanguka pale pale kwa aibu.

Nilimtafuta binti kwa adabu kwanza. Dada wa mapokezi akamwita. Alikuja na tabasamu, akaniamkia, akanikumbatia. Nikamweleza: Jumamosi wakwe, kaibo, mama. Tabasamu likapungua. Akasema, "Mama, naomba unielewe, hii ndiyo kazi ya mwisho katika mpangilio, bila hii chumba chote hakina maana. Kuna watu wanakuja Jumapili kutoka mbali kuiangalia hii tu. Jumatatu naileta mwenyewe mpaka nyumbani." Nikamwambia Jumatatu wakwe watakuwa wameshakwenda kwao. Akasema anaweza kunitafutia kikapu kingine kizuri sokoni. Sokoni! Hapo ndipo dada wa mapokezi alipoingilia na lile neno lake kwamba sijaielewa sanaa ya kisasa.

Nilivua viatu nikaviweka ukutani. Niliivuka ile kamba, mguu mmoja, halafu mwingine, na goti langu hili bovu likalia. Nikaibeba kaibo kwa mikono miwili. Mtu nyuma akasema, "Ee, mama!" Nikageuka kwa yule aliyekuwa karibu, mwanamke wa makamo amevaa gauni la kitenge, nikapiga magoti kama nilivyofundishwa, nikamsogezea.

"Karibu akamwani, waitu," nikamkaribisha kahawa kwa Kihaya.

Basi hapo nikajua nani ni nani. Yule mama hakufikiri hata sekunde. Mikono ilitoka yenyewe, yote miwili, akachukua punje tatu, akasema, "Kasinge," kwa shukrani, akaweka mdomoni. Nikaenda kwa wa pili. Naye akachukua. Baba mmoja alikuwa ameshika simu anarekodi, akaitia mfukoni haraka haraka ili mikono yote iwe huru. Huwezi kumsogezea Mhaya kahawa ukiwa umepiga magoti akasema kibao kimekataza. Atakichukia kibao. Wale wazungu waliwatazama wenzao, wakachukua, mmoja akauliza anameza au anatema. Nikamwambia, "Tafuna kwanza, mengine baadaye." Watu wakacheka. Chumba kikaanza kuwa na kelele. Kuna aliyesema hii ni kama ya bibi yake, mwingine akamwuliza bibi yake wa wapi, kumbe wanajuana, kumbe ni majirani. Watu waliokuwa wamesimama pamoja nusu saa bila kutazamana usoni!

Nilizunguka wote, mpaka yule kijana wa daftari. Wa mwisho nikapiga magoti mbele ya binti msanii. Alikuwa amejishika mdomo. Macho yamejaa maji, sijui ya hasira au ya nini. Nikamsogezea. Alikitazama kile kibao chake. Halafu mikono yake ikatoka, yote miwili, akachukua punje moja, akatafuna. Baba yake alikuwa amemlea.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ndiyo sanaa yenyewe, nimepangwa. Dada wa mapokezi naye akapiga makofi, maskini, hakutaka kuonekana hajaelewa.

Nilisimama, nikavaa viatu vyangu, nikatoka na kaibo kifuani, kichwa juu. Mlinzi nilikuwa nimembakizia punje nne. Alizipokea zote akanifungulia mlango. Binti akanikimbilia mpaka nje, akasema, "Mama, umenivunjia kazi yangu." Nikamwambia, "Nimekumalizia. Na hicho kibao chako kabandike getini kwenu, tuone nani atakutembelea." Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilifurahi mpaka Muleba, na kuanzia Muleba nilikuwa nawasimulia abiria.

Nilifika nyumbani jua halijazama. Mama alikuwa barazani na kahawa yake ya Jumamosi kwenye ungo, anachambua kwa vidole. Nikamwekea kaibo mapajani. Aliipapasa ukingo, akaipapasa kitako, akainusa.

"Ina harufu ya rangi," akasema. "Ilikuwa wapi?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimejaa ushindi, nikamsimulia yote, mtumbwi, kamba, kibao, magoti, makofi. Nikaigiza sauti ya yule dada. Nikangoja acheke. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kaibo mikononi.

"Huyo binti alivyoichukua, aliiba?"

"Hapana, mawe. Aliniomba."

"Kwa adabu?"

"Kwa adabu."

"Na wewe uliniomba?"

Mimi niliyelinyamazisha darasa la watoto themanini kwa jicho, mimi niliyewasemesha watu wa ghala zima, sikuwa na neno. Mama akaendelea kuchambua kahawa.

Jumamosi wakwe walikuja, wanaume watano na wanawake watatu. Nyasi zimetandazwa sebuleni, watu wamekaa. Mama aliijaza kaibo kwa mikono yake kama alivyosema, akaizungusha mwenyewe huku mjukuu wake amemshika kiwiko. Alianza na baba mkwe. Akafuata mama mkwe. Akaenda kwa mmoja mmoja, wageni na wa nyumbani, mpaka watoto wa jirani waliochungulia mlangoni. Alipofika nilipokaa, yeye asiyeona, alinipita akampa aliyekaa baada yangu.

Wageni hawakugundua. Binti yangu aligundua, akanitazama. Ningeweza kukaa kimya, shughuli ikaisha, tukamalizana jikoni. Lakini mdomo wangu haujawahi kunisikiliza. Nilinyanyuka mbele ya wakwe wote, nikaenda nikapiga magoti miguuni pa mama, goti bovu na goti zima, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani:

"Mawe, kaibo yako niliitoa bila kukuuliza. Naomba."

Mama aliitikisa kaibo, asikie kama punje zimebaki. Kisha akainama, akanisogezea kaibo, akaitafuta mikono yangu, akaikuta imeshafunguka, yote miwili.